Viatu vya Mchuchumio na Maumivu ya Kiuno: Jibu kwa Dada Aliyeniandikia

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba kazi yake ni kupokea wageni, kwamba husimama tangu asubuhi hadi jioni akiwa amevaa viatu vya mchuchumio, na kwamba akifika nyumbani kiuno humuuma kiasi cha kushindwa kuinama kuokota kitu sakafuni. Anataka kujua afanye nini ili maumivu yapungue bila kuonekana kazini kama mtu asiyejijali. Ninamjibu hapa kwa sababu naamini wengi wenu mnatafuta kile anachokitafuta yeye, yaani kupendeza, kuheshimiwa na kupanda cheo, na pia kwa sababu swali hilo niliishi nalo miaka mingi kabla sijapata wa kunijibu.

Nilianza kazi ya mapokezi nikiwa bado msichana, na siku ya kwanza msimamizi wetu alitupanga mstari akatutazama miguu kabla ya kututazama nyuso. Kisigino kilipaswa kuwa kirefu na chembamba, na aliyekuja na kiatu cha chini alirudishwa akabadilishe. Mimi nilivimudu viatu vile, na hilo nalisema kwa fahari: niliweza kuvuka ukumbi wenye sakafu ya kuteleza bila kuyumba, hata wasichana wapya wakawa wanaletwa kwangu wafundishwe mwendo. Baadaye kiuno kikaanza kunilemea jioni, kisha maumivu yakawa yananikamata kila nilipoinuka kitini. Nilipoomba ruhusa ya kuvaa viatu vya chini walau mchana, niliambiwa mbele ya wenzangu kwamba mwenye mgongo wa kibibi hafai kukaa mapokezi. Maneno yale yananichoma hadi leo, na yananichoma zaidi kwa kuwa katika chumba kile hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua kinachotokea mwilini mwa mtu aliyeinuliwa visigino.

Ukisimama peku, uzito wako hugawanyika kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya wayo, na pingili za mgongo hukaa katika mipindo yake ya asili bila misuli kutaabika sana. Kisigino kikiinuliwa, mteremko wa kiatu husukuma uzito mbele, na mwili hulazimika kujirekebisha usianguke: magoti hukunjika kidogo, nyonga hubadili mkao, na kiwiliwili huvutwa nyuma na misuli mirefu inayopanda kandokando ya uti wa mgongo. Misuli hiyo, ikikazwa kutwa nzima bila kupumzishwa, ndiyo inayolalamika jioni. Hatua nazo huwa fupi, na kifundo cha mguu, kikiwa kimeelekezwa chini, huteguka kwa urahisi zaidi.

Wengi husema kwamba visigino huongeza mbinuko wa kiuno kwa kila anayevivaa. Vipimo vya watafiti havikuonyesha hivyo kwa wote, kwani katika baadhi ya tafiti mbinuko uliongezeka, na katika nyingine haukubadilika au hata ulipungua. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyenihudumia alinionyesha jambo hilo kwa macho yangu: alinisimamisha ubavu kwa kioo, kwanza peku, kisha nikiwa na viatu vyangu vya kazini, nami nikajiona nikisukuma kifua nyuma na kubinua kiuno. Mgonjwa mwingine mwenye kiatu kama changu, aliniambia, angeweza kukunja magoti na kunyoosha kiuno hadi kikawa bapa, naye pia akaumia. Kwa hiyo, dada yangu, usijilinganishe na mwenzako anayevaa kiatu kilekile na kulala bila maumivu; jitazame ubavuni, au mwombe mtu akupige picha ukiwa umesimama kama unavyosimama kazini.

Madhara hayaishii kiunoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la The Lancet ulionyesha kwamba visigino virefu huongeza mzigo ndani ya goti, hasa upande wake wa ndani, na mwaka 2001 watafiti walipopima visigino vipana waliona kwamba navyo huongeza mzigo huo. Nalitaja hili kwa sababu ushauri tunaopeana sana ni wa kununua kisigino kipana. Kisigino kipana husaidia usiyumbe, na hilo ni jema, lakini goti bado hulipia urefu. Ukitazama kiatu dukani, pima tofauti kati ya kimo cha kisigino na unene wa soli ya mbele, kwa maana kisigino cha sentimita 10 chenye soli ya mbele ya sentimita 3 kinakupa mteremko wa sentimita 7.

Nilipoiacha kazi ile nilitaka kuvitupa viatu vyote siku hiyohiyo, na mtaalamu wangu akanizuia. Sababu yake ilithibitishwa na utafiti wa mwaka 2010 katika The Journal of Experimental Biology: kwa wanawake waliozoea visigino kwa miaka, nyuzi za msuli wa shavu la mguu zilikuwa fupi kwa zaidi ya asilimia 10, na kano ya kisigino ilikuwa nene na ngumu zaidi. Mguu wa namna hiyo ukishushwa ghafla kwenye kiatu bapa huvutwa na kuuma, na ndiyo maana wanawake wengi hudai kwamba viatu vya chini ndivyo vinavyowaumiza. Nilishuka polepole, kimo baada ya kimo, huku nikinyoosha mashavu ya miguu kila siku kwa kuegemea ukuta, goti la nyuma likiwa limenyooka na kisigino kikigusa sakafu.

Hayo ndiyo ninayokushauri nawe. Shuka polepole hadi chini ya sentimita 5, nenda na rudi kazini kwa raba au viatu vya chini, vua mchuchumio kila unapokaa mahali usipoonekana, na uimarishe misuli ya tumbo na makalio, maana ndiyo inayosaidia kiuno kubeba mwili. Nyoosha mashavu ya miguu. Narudia, nyoosha mashavu ya miguu, hata siku ambayo hukuvaa mchuchumio kabisa.

Kwa ninyi mnaosimamia wafanyakazi nasema bila kuficha: mwanamke huyo mnayemsimamisha juu ya visigino ana mgongo mmoja tu, na atauhitaji muda mrefu baada ya kuondoka kwenu. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada, na Ufilipino vilevile, walitoa kanuni za kuwazuia waajiri kuwalazimisha wanawake kuvaa visigino virefu. Nanyi hamhitaji kusubiri serikali iwaamuru. Mruhusuni avae kiatu nadhifu cha chini, na mpeni kiti.

Nawe dada, maumivu yakidumu kwa wiki kadhaa hata baada ya kubadili viatu, au yakiteremka mguuni kupita goti, mwone daktari, kwa kuwa huenda tatizo si viatu peke yake. Ukihisi ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au miguu ikilegea ghafla, usingoje kumaliza zamu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.