Umepewa jezi ya propu? Anza na Jason Leonard

Kocha akikutazama shingo, akatazama mapaja, kisha akakupa jezi namba 1 au namba 3 bila maelezo, jua umeshakuwa propu: mmoja wa wawili wanaosimama kando ya huka, mtu wa katikati ya safu ya mbele ya skramu, pale wanane wa kila timu wanapofungamana na kusukumana kugombea mpira. Wachache sana huiomba nafasi hii. Vijana wengi huja kwenye raga wakitaka kuwa mawinga, miili yao ikawaamulia vingine. Mimi nimecheza safu ya mbele kwa miaka kadhaa kwenye raga ya klabu, ile ya kutoka kazini jioni na kukimbilia mazoezini, na sasa nawasaidia wanaoanza. Kila anayekuja namtuma akamtafute Jason Leonard wa England kwenye video za zamani. Walikuwapo mapropu wenye nguvu kumzidi, tena wengi. Namtumia yeye kwa sababu aliipenda kazi hii ambayo jukwaa haliioni, na ikamlipa kwa miaka 14 ya raga ya kimataifa.

Kwa kifupi: alizaliwa mwaka 1968 Barking, mashariki mwa London, na ufundi wake ulikuwa useremala. Akaanzia klabu ya kwao Barking, akapita Saracens, na mwaka 1990 akahamia Harlequins alikobaki mpaka anastaafu. Julai mwaka huo huo England ilimwanzisha dhidi ya Argentina mjini Buenos Aires akiwa na miaka 21. Kwa propu huo ni umri wa mtoto, kwa sababu shingo na mgongo wa kazi hii huchelewa kukomaa. Alimaliza Februari 2004 mjini Roma dhidi ya Italia, akiingia kutoka benchi. Katikati kuna mechi 114 za England na 5 za Lions, kikosi kinachokusanya wachezaji wa England, Scotland, Wales na Ireland. Rekodi yake ya England ilidumu hadi 2022 ilipovunjwa na Ben Youngs, na Youngs ni skramu-hafu, mtu anayesimama nje ya skramu na kuupeleka mpira ndani. Sisi wa safu ya mbele tunalikumbuka hilo.

Hebu hesabu trai zake kwa England, yaani mara alizouweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Ni 1. Aliifunga Desemba 1996 dhidi ya Argentina kwenye uwanja wa Twickenham, London, siku ambayo pia alikuwa nahodha kwa sababu nahodha wa kawaida hakuwepo. Mechi 114, trai 1. Kama umekuja kutafuta jina lako kwenye orodha ya wafungaji, mwambie kocha mapema akupeleke nafasi nyingine, hakuna atakayekuchukia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Wageni hudhani propu ni propu, namba 1 na namba 3 ni mamoja. Si kweli. Namba 1 kichwa chake kiko nje, bega la kushoto liko huru, anasukumana zaidi kwa bega la kulia. Ana nafasi ya kupumua na ya kutafuta pembe. Namba 3 anaingiza kichwa katikati ya huka na propu wa upande wa pili, mabega yake yote mawili yana mtu. Uzito mwingi wa pakiti ya wapinzani, wale wanane wanaosukuma, unapita kwake, na akiyumba yeye skramu nzima inageuka. Hata mikono ina sheria yake: namba 1 anapitisha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa mpinzani na kushika jezi mgongoni au ubavuni, namba 3 anapitisha mkono wa kulia kwa nje na kushika vivyo hivyo. Ukishika kola, mkono wa jezi au kifua, filimbi. Ukivuta jezi kwenda chini, filimbi tena, na safari hii na macho makali ya refa.

Leonard alizicheza zote mbili, na katika kiwango cha juu kabisa. Alikulia namba 1. Mwaka 1993 Lions walikuwa New Zealand, wakapoteza mechi ya kwanza, na kwa mechi ya pili mjini Wellington makocha wakamhamishia namba 3. Lions wakashinda 20 kwa 7. Fikiria maana yake: unavaa jezi hiyo mbele ya All Blacks, kwa upande ambao mwili wako haukuuzoea, ambako shingo inabanwa kushoto na kulia badala ya upande mmoja. Baadaye aliichezea England pande zote mbili kulingana na nani mwingine alikuwepo. Ndiyo maana kila kocha alimpatia nafasi kwenye orodha yake. Benchi la raga lina viti vichache, na mtu anayeziba upande wowote anawaokoa makocha maumivu mengi ya kichwa.

Kwa hiyo nikikuambia wiki hii ufanye mazoezi upande usioupenda, usinune. Lakini usiruke siku moja kutoka namba 1 kwenda namba 3 kwenye mechi ya kweli kwa sababu mwenzako hakuja. Jifunze kwanza kwenye mashine ya skramu, kisha mtu kwa mtu, kisha watatu kwa watatu. Anayekataa kuingia safu ya mbele kwa kuwa hajafundishwa yuko sahihi, na sheria inamlinda: timu isiyo na watu waliofundishwa huchezeshwa skramu zisizo na kusukumana.

Hapa ndipo nakaa kidogo, kwenye shingo. Machi 1992 England ilicheza na Wales Twickenham, ikashinda 24 kwa 0 na kukamilisha ushindi wa mechi zote za Mataifa Matano, mashindano ya kila mwaka ya England, Scotland, Wales, Ireland na Ufaransa, kwa mwaka wa pili mfululizo. Ndani ya mechi ile diski ya shingo ya Leonard ilipasuka. Mkono ulipoteza hisia. Madaktari walimfanyia upasuaji wa kuchukua mfupa kutoka nyonga na kuupandikiza shingoni. England haikuwa na mechi nyingine mpaka Oktoba, dhidi ya Canada kwenye uwanja wa Wembley, na Leonard alikuwepo. Hakukosa hata mechi moja ya taifa.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa ya ushujaa. Mimi naisimulia kwa sababu nyingine: alipata wapasuaji wazuri, miezi mirefu bila mechi ya kimataifa, na watu wa kumsimamia arudi polepole. Wewe pengine huna hata kimoja. Mkono ukifa ganzi, vidole vikichoma kama umeguswa na umeme, au shingo ikigoma kugeuka, unatoka uwanjani dakika ile ile. Usimngoje daktari akuone. Inua mkono mwenyewe, refa akuone. Na kabla ya kufika huko, fanya kazi ya shingo kila wiki: kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa bila kukiachia kisogee, halafu kisogoni, halafu kila upande. Haina picha nzuri ya kupiga, na watu wa mazoezi ya vifua hukucheka. Waache. Kwa walio chini ya miaka 19 sheria yenyewe imeweka kikomo, skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5. Kocha anayewaacha watoto wasukumane mpaka wachoke hajui kazi yake.

Uzito nao umewachanganya wengi. Mwaka 1997 Lions walikwenda Afrika Kusini na Leonard alitajwa na wengi kuwa chaguo la kwanza. Waliovaa jezi za kuanza walikuwa Tom Smith na Paul Wallace, wadogo kwa umbo wakilinganishwa na mapande ya Springboks kama Os du Randt. Waliingia chini kuliko wapinzani wao, na mtu mzito anayelazimishwa kuinama kupita alivyozoea hawezi kuitumia nguvu yake. Lions walishinda mfululizo ule mechi 2 kwa 1. Leonard alipata muda mfupi tu kama akiba kwenye mechi ya kwanza, Cape Town. Ukiwa na kilo 95 usikate tamaa. Ukiwa na 130 usijisahau. Nyonga zako ziwe chini kidogo ya mabega, mgongo ulionyooka, macho mbele, miguu miwili yote ardhini kabla refa hajaruhusu kuingia. Ninayoyasema haya hayana siri, ila kuyafanya dakika ya 70 mapaja yakitetemeka ni habari nyingine.

Halafu kuna refa. Novemba 22, 2003, Sydney, fainali ya Kombe la Dunia, England na Australia. Skramu ya England ilikuwa na nguvu zaidi, hilo kila mtu aliliona, lakini refa André Watson wa Afrika Kusini aliendelea kuiadhibu. Penalti moja ya skramu, muda ukiyoyoma, ndiyo iliyompa Elton Flatley wa Australia mkwaju wa kusawazisha 14 kwa 14. Wakaingia muda wa nyongeza. Phil Vickery, namba 3 wa England, akatoka, Leonard akaingia, miaka 35. Kwa maelezo yake mwenyewe, jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia refa kwamba hatainuka, hataangusha, atasimama tu pale alipo. Skramu zikatulia. Penalti za skramu dhidi ya England zikaisha. Jonny Wilkinson wa England akapiga drop-goli la ushindi mwishoni, mpira uliodondoshwa chini na kupigwa teke kupita kati ya nguzo, 20 kwa 17, na picha zote ni za Wilkinson, sawa kabisa.

Mgeni angeingia pale na damu ya moto akitaka kuonyesha kwamba anaweza kumvunja mpinzani. Leonard alijua kwamba usiku ule kushinda skramu hakukuwa na faida yoyote ikiwa refa anaona fujo. Kwa maoni yangu dakika zile ndizo bora za maisha yake ya uwanjani, na karibu hakusukuma.

Basi Jumamosi hii, kabla ya mechi, refa atapita kuzungumza na safu ya mbele. Usijifiche nyuma ya nahodha ukifunga viatu. Muulize anataka pengo la kiasi gani kati ya safu mbili, na atatoa amri zake kwa mwendo gani: kuinama, kushikana, kuingia. Ukishajua, mwambie huka wako na propu mwenzako, na mfanye mara tatu nne pembeni ya uwanja kwa mwendo huo huo. Skramu ya kwanza msitafute kusonga hata hatua. Simameni imara, mpira utoke, refa aone migongo iliyonyooka. Kusukuma mtaanza ya pili.