Tazama mkono wa kulia: video za gitaa la jazz kwa anayeanza

Ukimwambia mtu mzima wa Dar es Salaam kwamba unajifunza gitaa la jazz, huenda akakuuliza: Western Jazz au Morogoro Jazz? Ana haki kuuliza hivyo. Kwetu neno hilo lilikaa kwenye majina ya bendi za dansi, kuanzia Tabora Jazz hadi OK Jazz ya Kinshasa, na mimi nimelelewa na muziki huo. Nilipiga gitaa la rithimu miaka kadhaa kabla sijagusa kitu kingine. Hapa nazungumzia jazz ya Marekani, ile ya mitindo ya swing, yenye mdundo wa kuyumba, na bebop, yenye kasi na solo nyingi, ambayo wengi wetu hatuna mwalimu wake mtaani. Mwalimu wetu ni video, na video ina hatari zake.

Hatari ya kwanza ni kukusanya. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nashusha masomo usiku, bando likiwa rahisi, mpaka simu ikajaa. Kila siku somo jipya. Siku nilipoitwa kupiga kwenye hafla, wimbo mmoja wa swing ukanishinda mbele za watu. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, nazijua, vidole viko mahali pake, lakini muziki hautembei. Mpiga dramu wetu, mzee aliyenizidi miaka mingi, akanivuta pembeni akasema: mwanangu, mkono wako wa kushoto umesoma, wa kulia bado. Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyotazama video, na ndiyo ninayotaka kukupa wewe unayeanza. Anayeanza hukodolea mkono wa kushoto, maana huko ndiko kodi na skeli, zile ngazi za noti, zinakoonekana. Swing inatoka kulia.

Anza na mpiga gitaa Emily Remler. Alizaliwa New York mwaka 1957, akafariki Sydney mwaka 1990 akiwa na miaka 32 tu. Alituachia mafunzo mawili ya video aliyorekodi na kampuni ya Hot Licks: moja la bebop na swing, la pili linaingia pia kwenye muziki wa Kilatini. Kiingereza chake ni chepesi, hana haraka, na hafichi kitu. Kwenye lile la kwanza anaifanya metronomu, kifaa kinachogonga mdundo, igonge mdundo wa pili na wa nne. Simamisha video hapohapo. Ukitaka wimbo uende kwa midundo 120 kwa dakika, weka metronomu kwenye 60, kisha uhesabu mwenyewe: moja kimya, mbili inagonga, tatu kimya, nne inagonga. Siku za mwanzo utashtukia umegeuka, mlio wa metronomu umekuwa tena moja. Mimi nilihangaika nayo karibu mwezi mzima kabla haijatulia mwilini. Sisi tuliotoka kwenye dansi tumezoea uzito kukaa mahali pengine, kwa hiyo usione aibu. Ni kama kujifunza lafudhi mpya.

Humo humo anaeleza namna ya kutumia skeli ya minor ya melodi juu ya kodi ya saba, ile inayoandikwa kwa tarakimu 7: G7 ikiwa inarudi C, yeye hupanda nusu toni, yaani hatua moja ndogo kuliko zote, na kupiga minor ya A fleti. Ni elimu kubwa, lakini iache ikusubiri. Bila mdundo, skeli hiyo ni orodha ya noti tu.

Baada ya Emily, nenda kwa Jim Hall wa mwaka 1962. Tafuta kipindi cha televisheni cha Jazz Casual ambamo anapiga na Sonny Rollins kwenye saksafoni ya tena, Bob Cranshaw kwenye besi na Ben Riley kwenye dramu. Hakuna piano. Kodi zote ziko mikononi mwa gitaa, na hapo ndipo utamu ulipo. Rollins anapopiga solo, mwache Rollins, mtazame Hall. Anagusa kodi ya nyuzi mbili au tatu, fupi, kisha anasubiri. Mkono wa kulia umetulia juu ya nyuzi haufanyi kitu, na bado wimbo unakwenda. Kwa mtu aliyezoea rithimu ya dansi, ambayo mkono haupumziki usiku kucha, kumwona mpiga gitaa anyamaze namna ile akiwa ndiye peke yake mwenye kodi kunatia hofu. Zoezi langu lilikuwa hili: niliwasha kipande cha video cha dakika moja, nikapiga kofi pale tu anapogusa nyuzi. Usishike gitaa. Ukiweza kupiga makofi sawasawa na yeye bila kukosea, ndipo ulichukue.

Django Reinhardt nitampitia haraka. Kila mtu hutazama filamu yake fupi ya mwishoni mwa miaka ya 1930, anapopiga wimbo wa J'attendrai na kundi lake la Ufaransa, ili aone vidole viwili vya mkono wa kushoto vikifanya kazi ya vinne, kwa sababu ya moto uliomuunguza mwaka 1928. Vitazame mara moja, kisha geuza macho kwa wapiga gitaa wanaomsindikiza, mmoja wao ndugu yake Joseph. Mikono yao ya kulia ndiyo dramu ya kundi lile, kwani dramu haikuwepo.

Joe Pass nampenda sana, ila nakuonya. Albamu yake Virtuoso, iliyorekodiwa mwaka 1973, imewatuma vijana wengi kwenye gitaa la peke yake mapema mno, nami nilikuwa mmojawapo. Katika mafunzo yake chukua jambo moja: anazigawa kodi zote katika familia tatu, meja, minor na ya saba. Majina marefu yanayokutisha kwenye karatasi ni watoto wa familia hizo. Ukishalielewa hilo, funga video, rudi kwenye mdundo.

Sasa Wes Montgomery. Alizuru Ulaya mara moja tu, mwaka 1965, miaka mitatu kabla ya kufariki akiwa na miaka 45, na tuna bahati kwamba televisheni za Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza zilimrekodi. Ukiwa na bando la video moja tu, chukua mojawapo ya hizo. Hakutumia piki, kile kibanzi cha kugusia nyuzi. Alipiga kwa kidole gumba, vidole vingine vimefunguka vimekaa juu ya gitaa kama mtu aliyeweka mkono mezani, na gumba linashuka, linashuka, mara chache sana utaliona likipanda. Punguza kasi ya video uone lilivyolegea. Solo zake mara nyingi hupanda ngazi tatu: noti moja moja, kisha oktavu (noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja), kisha kodi nzima. Kwa oktavu zake, kidole cha shahada kinabana uzi wa tano (ukihesabu kutoka ule mwembamba), cha pete kinabana wa tatu freti mbili mbele (freti ni vile vijiti vya chuma shingoni mwa gitaa), na uzi wa nne ulio katikati unanyamazishwa na ubavu wa kidole cha shahada. Ukihamia uzi wa nne na wa pili, nafasi inaongezeka freti moja, na hapo kidole kidogo huchukua kazi. Ukipata nyuzi tatu zikilia badala ya mbili, kosa ni la shahada kusimama mno, ilaze.

Kwenye ile ya Uholanzi kuna kipande ninachokipenda kuliko solo zote. Wako mazoezini, na Wes anamwelekeza mpiga piano Pim Jacobs kodi za wimbo wa The End of a Love Affair. Wes hakujua kusoma noti. Lakini pale anazitaja kodi moja baada ya nyingine, anazipiga, anamsubiri mwenzake azipate. Huwa nasikitika watu wakisema alikuwa na kipaji tu, hana elimu. Elimu yake unaiona pale, iko sikioni na mkononi, na anaigawa kwa upole kwa watu wanaosoma noti ambazo yeye hazisomi.

Nilitazama kipande hicho kwa miezi. Kwanza nilizima sauti na kufuata gumba tu. Kisha nilizima picha nikasikiliza. Mwisho nikashika gitaa nikajaribu kuwa Pim Jacobs, yaani kuipata kila kodi kabla Wes hajaondoka kwenda nyingine. Mara nyingi nilichelewa, na nilipochelewa nilirudisha nyuma sekunde kumi, si mwanzo wa video. Hizo sekunde kumi zilikuwa somo langu la jioni nzima, na wimbo huo ndio wa kwanza niliorudi kuupiga na yule mzee wa dramu. Aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akahesabu tena: mbili, nne, tuupige mara ya pili.