Kuruka chini bila kugonga ardhi: majibu kwa marubani wa simuleta

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kuruka chini katika DCS World, simuleta ya ndege za kivita inayochezwa kwenye kompyuta. Vipimo tumevitaja kama ndege zenyewe zinavyovionyesha. Noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa, na futi 100 ni kama mita 30.

Natumia F/A-18C. Nikienda moja kwa moja kwenye futi 200 sina tabu, lakini nikikata kona tu nagonga ardhi, wala hakuna aliyenipiga. Nakosea wapi? — Msomaji, Mombasa

Kosa liko kwenye ulalo wa mabawa. Ndege ikilala digrii 60, lazima uvute G 2, yaani mabawa yabebe mara mbili ya uzito wa ndege, ili isipande wala isishuke. Ikilala digrii 70 inadai G 2.9, digrii 75 inadai G 3.9, na digrii 80 inadai karibu G 5.8. Ona jinsi deni linavyopanda kwa digrii chache tu za mwisho.

Sasa chukua kona yako. Umelala digrii 60, unavuta G 2, kila kitu sawa. Unageuza shingo kumtafuta mwenzako, mkono unaifuata shingo bila wewe kujua, na ndege inalala mpaka digrii 80. Bado unavuta G 2 ile ile. Kuanzia hapo ndege inadondoka, na kasi ya kushuka inaongezeka kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde, kila sekunde. Futi 200 zinakwisha kwa sekunde 4 na ushee. Wengi wakishtuka huvuta kijiti kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo wanapojimaliza, kwa sababu ndege iliyolala digrii 80 ukiivuta inakaza kona tu, haipandi. Nyoosha mabawa kwanza, kisha vuta. Mpangilio huo usigeuzwe.

Kona yenyewe ianze hivi. Kabla ya kulaza bawa, tazama upande unaoelekea: kuna mlima, kuna nguzo za umeme? Kisha inua kidogo kile kiduara chenye mabawa kwenye HUD, kioo cha vipimo kilicho mbele ya rubani, kinachoonyesha ndege inakokwenda hasa, kikae digrii 1 au 2 juu ya mstari wa upeo. Laza, vuta, halafu kishushe taratibu kikae juu ya mstari. Muda wote wa kona macho yako ni ya kiduara hicho. Ramani, rada na redio vinasubiri mabawa yanyooke.

Hata mabawa yakiwa yamenyooka, jua una sekunde ngapi. Kwenye noti 480 unakata mita 247 kwa sekunde. Ukiwa futi 200, kiduara kikiwa digrii 1 chini ya upeo una sekunde 14 kabla ya kugonga. Digrii 3 zinakuachia chini ya 5, na digrii 5 chini ya 3. Kazi yoyote itakayokula zaidi ya sekunde 2 za macho, kama kuandika namba ya redio au kubadili ukurasa wa silaha, panda kwanza hadi futi 500 ndipo uifanye.

Kumbuka pia upana wa kona. Digrii 60 kwa noti 480 ni nusu kipenyo cha kilomita 3.6, kwa noti 360 ni kilomita 2 tu. Mabonde mengi hayana nafasi ya kona ya kwanza, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuingia, si ukiwa tayari katikati.

Mazoezi: noti 420, futi 500, nusu saa bila kugusa chini. Ukiweza, futi 300, halafu 200. Jeti za kivita za Uingereza zinazofanya mazoezi kwenye mabonde ya Wales zina kiwango cha kawaida cha futi 250, na hao ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Altimita ilinionyesha futi 1,500 wakati nagonga kilima. Simuleta ina hitilafu? — Msomaji, Nairobi

Haina. Altimita ya kawaida hupima mgandamizo wa hewa, na ikiwa umeiweka sawasawa inakuambia uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Ndege iliyoegeshwa Jomo Kenyatta husoma futi 5,330 na matairi yako kwenye lami. Ulichohitaji ni altimita ya rada. Kwenye F/A-18C sogeza swichi ya ALT iende RDR. Herufi R itatokea kando ya namba za kimo. Herufi B ikiwaka na kuzimika, maana yake rada haisomi na umerudishiwa kipimo cha hewa. Kwenye F-16C bonyeza kitufe namba 2, ALOW, uandike kimo ambacho hutaki kukivuka, ili ndege ikupigie kelele ukishuka chini yake. Weka asilimia 10 chini ya kimo unachoruka.

Ila usiiamini kupita kiasi. Altimita ya rada hutazama chini ya tumbo la ndege, haioni mbele, na ukilala sana kwenye kona inapoteza ardhi. Mlima ulio mbele ya pua utausikia ukiwa tayari umeshaingia.

Salaam aleikum. Ninacheza ramani ya Ghuba, naruka kutoka upande wa kusini nikivuka milima ya Musandam kwenda Khasab. Bondeni niko salama, lakini kila nikifika kileleni kombora linanifuata. Nifanyeje? — Msomaji, Maskati

Wa aleikum salaam. Unaruka juu ya kilele kama mpira uliopigwa. Kwenye noti 480, ukipanda kwa digrii 15, ndege inakwenda juu mita 64 kila sekunde. Ukisubiri mpaka uone upande wa pili ndipo usukume kijiti, hata ukisukuma hadi G 0 ndege itaendelea kupanda mita 209 zaidi kabla ya kulala sawa. Hizo mita 209 ndizo anazokuona nazo yule aliyekaa Khasab na rada yake.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuanza kusukuma mapema, mita 200 kabla ya kufikia kimo cha kilele. Inafaa mlima wa mteremko mpole. Ya pili ndiyo ya milima mikali kama ya Musandam: ukikaribia mgongo, bingirisha ndege tumbo litazame juu, vuta G 3 kuelekea bondeni, kisha bingirisha tena urudi sawa. Ukiwa kichwa chini mvutano wa dunia unakusaidia, hivyo zile mita 64 kwa sekunde zinakufa ndani ya mita 50 hivi, ukiongeza sekunde moja ya kubingirika. Jumla ni kama nusu ya ile ya kusukuma. Usikae kichwa chini ukishangaa mandhari: pua ikigusa upeo tu, anza kurudi.

Usivuke popote. Jebel Harim inapita mita 2,000, nawe huna haja ya kuipanda. Fungua ramani kwa F10, pitisha kishale juu ya mgongo wa mlima, usome kimo cha ardhi mpaka upate mahali ulipoinama. Ukaribie mgongo kwa pembe ya digrii 45 badala ya kuuelekea uso kwa uso. Ukisikia onyo la rada dakika ya mwisho, utahitaji kugeuka digrii 45 tu ili ubaki nyuma ya mlima. Na zima moto wa nyuma wa injini (afterburner) kabla ya kilele. Kombora la bega kama Igla hufuata joto, halina rada, kwa hiyo kifaa chako cha onyo la rada hakitasema neno.

Nishuke kiasi gani ili rada isinione? — Msomaji, Dodoma

Swali hili huulizwa kana kwamba kuna namba moja. Kwa dunia halisi, juu ya bahari au uwanda, kanuni ni hii: chukua kipeuo cha pili cha kimo chako kwa mita, jumlisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena, zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali kwa kilomita. Tuseme antena iko mita 6 juu ya ardhi. Ukiwa mita 3,000 anaweza kukuona kutoka kilomita 236. Mita 300, kilomita 81. Mita 60, kilomita 42. Mita 30, kilomita 33.

Soma tena namba mbili za mwisho. Kutoka mita 60 kwenda 30 umejipatia kilomita 9 tu, na umekata nusu ya sekunde zako za kuokoka. Kwetu sisi biashara hiyo haina faida. Mita 60 zinatosha, na kilima kimoja kati yako na rada kinakuficha kuliko kushuka kokote. Ndani ya simuleta tegemea vilima, si mviringo wa dunia. Kukiwa na ndege ya rada kama A-50 angani, uwanda hautakuficha hata ukiruka kimo cha minazi. Hapo ni mlima tu.

Ukumbuke gharama yake. Ukiwa chini uko ndani ya mikono ya Shilka, gari lenye mizinga minne ya milimita 23 inayofika kilomita 2.5. Ukikatiza duara lake katikati kwa noti 480 unakaa ndani sekunde 20. Mwaka 1991 Tornado za Uingereza zilianza vita vya Iraq kwa kushambulia viwanja vya ndege kwa kuruka chini kabisa usiku; baada ya siku chache, ulinzi wa rada wa Iraq ukiwa umevunjwa, zilihamia juu, kwenye futi 20,000 hivi, nje ya mizinga hiyo. Rada zikishakufa nawe panda.

Nikiangusha mabomu ya Mk-82 kutoka futi 200, ama hazilipuki, ama zinanilipua mimi mwenyewe. — Msomaji, Birmingham

Yote mawili yana sababu moja. Bomu la kawaida lililoachiwa kutoka mita 60 linachukua sekunde 3.5 kufika chini, na muda huo wote linakwenda mbele kwa mwendo ule ule wa ndege yako. Linapogonga, uko juu yake, mita 60. Fyuzi, kifaa kinacholilipua bomu, nayo ina muda wa kusubiri kabla ya kuwa tayari. Ukiiwekea sekunde 4, bomu linahitaji kuanguka mita 78, nawe umelipa 60, hivyo linagonga kama jiwe. Hilo liliwapata marubani wa Argentina kwenye vita vya Falkland mwaka 1982: waliruka chini sana kukwepa makombora ya meli za Uingereza, na mabomu yao kadhaa yalitoboa meli bila kulipuka.

Kama ni lazima upige ukiwa chini, tumia bomu lenye breki: Snakeye kwenye F/A-18C, Mk-82AIR kwenye F-16C. Mabawa yake au mfuko wake wa hewa hufunguka, bomu linabaki nyuma, nawe unaondoka. Kwenye F/A-18C hakikisha DRAG inasoma RET na fyuzi, MFUZ au EFUZ, haikuachwa OFF. Kosa hilo la pili ndilo linaloleta nusu ya barua za "bomu bovu".

Kwa bomu la kawaida, ruka chini kisha chomoka. Njoo kwa noti 480, lengo likiwa digrii 20 pembeni mwa pua. Kilomita 7 kabla ya lengo vuta G 4 hadi digrii 25 za kupanda. Ukipita mita 1,000 juu ya lengo, bingirisha kuelekea kwake, vuta pua chini, nyoosha mabawa kwenye mteremko wa digrii 20. Achia ukifika mita 600. Bomu litaanguka kwa sekunde 5 na nusu, fyuzi itakuwa tayari, nawe unavuta G 4 hadi 5 ukitoka kwa kona. Ukijikuta mteremko ni mkali kuliko digrii 25, ulichelewa kuvuta. Pita, zunguka, usilazimishe. Mteremko wa digrii 35 kutoka kimo hicho una nafasi finyu mno ya kutokea.

Nina kijiti cha bei nafuu na skrini moja. Naweza kweli? — Msomaji, Bujumbura

Unaweza. Kwenye mipangilio ya vidhibiti fungua Axis Tune, mpe mhimili wa pua mkunjo wa 15 hadi 20 ili kijiti kisirukeruke karibu na katikati, na uache sehemu mfu, ile ya katikati ambayo kijiti kikisogea ndege haiitikii, iwe ndogo iwezekanavyo. Upana wa mtazamo uwe uleule kila siku: ukiupanua sana ardhi inaonekana mbali kuliko ilivyo, ukiubana inaonekana karibu, na jicho halijifunzi kimo kikibadilika kila safari. Su-25T na ramani ya Caucasus huja bure pamoja na simuleta yenyewe, na mabonde yake yanatosha kwa miezi. Ndege hiyo ya Kirusi husoma mita na kilomita kwa saa, basi anza na mita 150 na kilomita 600 kwa saa. Rekodi safari kwa Tacview, programu ya kurekodi na kuchambua safari za ndege, halafu usome kimo juu ya ardhi na ulalo wa mabawa katika sekunde 5 za mwisho kabla ya kugonga.