JIBU: Mgonjwa anayeanguka na miadi ya kwanza kwa daktari wa mishipa ya fahamu

Mkuu, umesema mdogo wako wa kike, miaka 19, ameanguka na kupoteza fahamu mara tatu, na sasa ana miadi kliniki binafsi ya mishipa ya fahamu. Umeuliza mjiandae vipi, na mtajuaje kama anatibiwa kweli au mnatozwa pesa za vipimo tu. Nakujibu kwa urefu, maana miadi ya kwanza ikiharibika, makosa yake hubebwa hadi kwenye dawa.

Kwa mtu anayeanguka, kipimo kikubwa kuliko vyote ni maelezo. Siku ya kliniki atakuwa mzima kabisa, na yeye mwenyewe hakumbuki kilichotokea. Kwa hiyo wa kumsindikiza ni yule aliyeshuhudia, hata kama mlipaji ni mtu mwingine. Kama shuhuda yuko mbali, apigiwe simu mkiwa mbele ya daktari, asimulie kwa mdomo wake.

Yaandikeni haya usiku wa kuamkia miadi, tukio kwa tukio: alikuwa amesimama, amekaa au amelala? Alihisi nini kabla? Uso ulipauka au ulibadilika ukawa wa bluu? Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Kichwa kiligeukia upande gani, na mkono upi ulianza kutikisika? Ilichukua dakika ngapi kwa kuangalia saa, si kwa kukisia? Ulimi uling'atwa wapi? Alipozinduka, alichukua muda gani kuwatambua watu?

Kila swali hapo lina kazi yake. Aliyezimia kwa sababu damu haikufika vizuri kichwani kwa kawaida huona giza, hutoka jasho, hupauka, na akishalala chini huzinduka upesi akijua yuko wapi. Anaweza kutikisika mikono kwa sekunde chache, na hapo ndipo wengi hubandikwa jina la kifafa wasichonacho. Mwenye kifafa cha mwili mzima mara nyingi macho hubaki wazi, ulimi huumia pembeni, na baadaye huchanganyikiwa kwa dakika nyingi, pengine akalala usingizi mzito. Na yapo matukio ambayo macho hufumbwa kwa nguvu, kichwa hutikisika kushoto na kulia, mwili ukatulia na kuanza tena kwa muda mrefu. Haya mara nyingi hayatokani na hitilafu ya umeme wa ubongo. Ni ugonjwa wa kweli, mgonjwa haigizi, ila dawa za kifafa hazimsaidii.

Likitokea tena kabla ya miadi, mtu mmoja amhudumie na mwingine arekodi kwa simu. Atakayehudumia aweke kitu laini chini ya kichwa, asimbane viungo, asitie kijiko wala kidole mdomoni, na kutikisika kukipungua amlaze kwa ubavu. Atakayerekodi aonyeshe mwili mzima, kisha asogee usoni, na amwite jina. Kosa tunaloliona kila mara ni kuzima simu pale kutikisika kunapoisha. Dakika mbili zinazofuata zina thamani kubwa: mwambie ainue mikono yote miwili, muulize jina lake. Mkono mmoja ukibaki umelegea, au akikuelewa lakini maneno hayatoki, daktari ameshapata dalili ya sehemu ya ubongo ilikoanzia shida. Kutikisika kukipita dakika 5, au tukio la pili likianza kabla hajapata fahamu, acheni kurekodi, hiyo ni dharura ya hospitali.

Bebeni dawa zote kwenye vifungashio vyake, pamoja na za maumivu, za uzazi wa mpango na za mitishamba. Tramadoli, kwa mfano, inaweza kuchochea degedege, na mara nyingi haitajwi kwa sababu watu huiona kama dawa ya maumivu tu.

Sasa EEG, kipimo cha umeme wa ubongo. Nywele zioshwe siku iliyotangulia, zisipakwe mafuta. Zilizosukwa au kubandikwa zifumuliwe, la sivyo fundi hapati ngozi. Atapima kichwa kwa futi kama ya fundi cherehani, aweke alama kwa penseli, asugue kila alama na kubandika elektrodi, yaani vidude vidogo vyenye waya, kwa kawaida 21. Hakuna umeme unaoingizwa mwilini, mwambieni mapema asiogope. Kurekodi ni dakika 20 au zaidi, na katikati ataombwa kupumua kwa nguvu na haraka kwa dakika 3, kisha kuangalia taa inayomweka. Mwenye selimundu aseme mapema, zoezi hilo la kupumua halimfai. Ale kama kawaida. Kama anatumia dawa asiiruke, isipokuwa daktari mwenyewe ameagiza.

Majibu ya EEG ndiyo yanayopotosha kuliko yote. Watu wengi wenye kifafa, karibu nusu, EEG yao ya kwanza hutoka safi. Kwa hiyo anayekwambia "EEG safi, hana kifafa" amekosea, na anayemwanzishia mgonjwa dawa kwa sababu ya karatasi ya EEG peke yake, bila kusikiliza maelezo, amekosea zaidi. EEG safi huku maelezo yakielekea kifafa, kinachofuata mara nyingi ni kurudia baada ya kupunguziwa usingizi.

Hakikisheni amefanyiwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ni cha dakika chache na cha bei nafuu, lakini ndicho husahaulika kwenye kliniki za ubongo, ilhali hitilafu za mapigo ya moyo huangusha vijana na huweza kuua. Kuhusu MRI, picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, fomu iandikwe wazi kwamba kinachotafutwa ni chanzo cha kifafa, ili apigwe picha za vipande vyembamba. CT skani, picha ya kichwa ya mionzi, inafaa kwa haraka ya kuangalia damu au uvimbe mkubwa, lakini kovu dogo ndani ya ubongo huipita.

Mtaijuaje huduma nzuri? Daktari anayejua kazi yake anamsikiliza shuhuda kwanza, kisha anamvua mgonjwa viatu. Anamtembeza mstari mmoja kisigino kikigusa vidole, anagonga magoti kwa nyundo, anakwaruza nyayo, anaangalia ndani ya macho kwa taa. Ukipewa orodha ya vipimo vitano kabla hata hajaulizwa alianguka vipi, uliza kwa heshima: "Daktari, jibu la kipimo hiki litabadilisha nini kwenye matibabu yake?" Kipimo chenye sababu kitaelezewa kwa sentensi mbili.

Akiandikiwa dawa, msitoke bila kujua jina lake, dozi inavyopandishwa, cha kufanya akisahau kidonge, na namba ya kupiga likitokea jambo. Kwa msichana wa umri huu kuna mazungumzo ambayo hayafai kurukwa. Valproeti, moja ya dawa za kifafa, ina hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni, na haifai kuwa chaguo la kwanza kwake kama ipo nyingine inayomfaa. Kabamazepini, nayo ya kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Lamotrijini, nyingine ya kifafa, hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, na upele ukitokea daktari apigiwe siku hiyo hiyo.

Semeni uwezo wenu wa kulipa siku ya kwanza, bila aibu. Kliniki binafsi zina tatizo hili: mgonjwa anaanzishiwa dawa ghali, inamkaa vizuri, mwezi wa tatu pesa inakata, anaacha ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Dawa za zamani za bei nafuu huwafaa wengi, na daktari akijua mapema atachagua ile mnayoweza kuinunua kila mwezi.

Mkimaliza, ombeni nakala za kila kitu: picha za MRI zenyewe, si ripoti tu, na rekodi ya EEG kama wanaweza kuitoa. Na kabla ya miadi asiendeshe chombo, asiogelee bila mtu pembeni, asipande ngazi ya kuegemeza, na bafuni mlango usifungwe kwa komeo.