Asidi, sabuni na dawa tunazomeza: mfamasia anajibu

Mwanangu, mgongo unanisumbua. Diklofenaki ya vidonge inanichoma tumbo, na jirani ananishauri nichome sindano ili tumbo lisalimike. Ni kweli? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Si kweli, na ushauri huo nausikia dirishani karibu kila siku. Kidonge kinaweza kuchubua tumbo pale kinapogusa, lakini madhara makubwa yanapitia kwenye damu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo ndizo huchochea tumbo litoe ute na baikaboneti ya kupoza asidi.

Katikati ya tumbo lisilo na chakula pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) huwa kati ya 1 na 3, asidi kali kabisa. Chini ya ute, palipo na seli zenyewe, ni karibu 7, yaani hakuna asidi ya kuunguza. Tofauti yote hiyo inashikiliwa na utando wa ute usiofika hata milimita moja. Sindano inaipeleka dawa kwenye damu ileile, prostaglandini zinapungua vilevile, na ute unapungua. Dawa ya kuweka njia ya haja kubwa nayo ni hivyohivyo.

Mwulize daktari kuhusu paracetamol au jeli ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana. Ukiona choo cheusi kinachonata, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Nyumbani vyombo tunasuuza mara moja tu na povu linabaki. Sabuni hiyo haili utumbo? (Msomaji, Kisumu)

Sabuni kali ikiwekwa moja kwa moja juu ya utumbo huvuruga ute na kutoboa utando wa seli. Na kwenye utumbo mwembamba wa juu mambo yamegeuka ukilinganisha na tumbo: katikati pH hukaribia 7, lakini juu ya seli huwa karibu 6. Watafiti wamelipima hilo kwenye utumbo wa panya. Seli hutoa haidrojeni, ambayo ndiyo asidi yenyewe, na kupokea sodiamu, na ute huizuia haidrojeni hiyo isitawanyike upesi; ute ukivurugwa, asidi hiyo hupotea. Asidi hiyo kidogo ina kazi, kwa sababu baadhi ya dawa na vitamini hufyonzwa kwa msaada wake.

Ila povu la kwenye sahani limeshazimuliwa mno kufanya hayo. Utumbo wako unakutana na sabuni yake yenyewe kila siku: ini hutoa zaidi ya nusu lita ya nyongo kwa siku, na chumvi za nyongo huvunjavunja mafuta kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria. Suuza mara mbili kwa maji safi, basi. Mimi nina hofu zaidi na maji ya beseni yaliyooshea vyombo vya watu kumi.

Mtoto akinywa sabuni ya maji, nimtapishe? (Baba, Dodoma)

Hapana, kamwe. Akitapika, povu linaweza kuingia kwenye mapafu. Msuuze mdomo, mpe maji mafundo machache tu. Akikohoa sana, akipumua kwa shida, akilegea au akitapika mfululizo, mkimbize hospitali. Ikiwa ni dawa ya kuzibua mabomba au kosteki, usingoje dalili yoyote. Nenda naye saa hiyohiyo na ubebe chupa.

Nina mimba ya miezi mitano na kiungulia kikali. Naweza kumeza vidonge vya damu pamoja na dawa ya maji ya kiungulia? Nimeambiwa hata magadi yanasaidia. (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, mdogo wangu. Usivimeze pamoja, tenganisha angalau saa 2. Madini chuma yanahitaji asidi ili yafyonzwe. Foliki iliyomo kwenye vidonge hivyo nayo hupitishwa kwenye utumbo na kibebeo, yaani protini ya kuisafirisha, kilichotambuliwa mwaka 2006, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa karibu 5.5. Dawa ya kiungulia inaondoa asidi hiyo. Chai ya rangi pia iache mbali na vidonge. Magadi yana sodiamu nyingi, usiyanywe. Kula kidogo kidogo, na usilale mara tu baada ya kula.

Natumia omeprazole mwaka wa pili, kila nikiacha tumbo linawaka. (Msomaji, Mombasa)

Omeprazole hupunguza asidi ya tumbo; ukiiacha ghafla asidi hurudi kwa nguvu, ndiyo maana tumbo linawaka. Haina maana kwamba utaimeza maisha yote. Matumizi ya muda mrefu yanaweza kupunguza vitamini B12 na magnesi mwilini. Mwombe daktari akupunguzie dozi polepole na akupime Helicobacter pylori, bakteria ambaye Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005 kwa kumtambua kuwa chanzo cha vidonda vya tumbo. Akikutwa, anatibiwa kwa antibayotiki. Kipimo cha choo au cha pumzi huweza kudanganya ukiwa bado unameza omeprazole, kwa hiyo mweleze daktari mapema. Kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla ya kupima.