Jibu: Jamu ya tini imepoa lakini haigandi

Habari ndugu. Jamu imelala usiku kucha na bado inamwagika kama sharubati? Usikimbilie kuongeza sukari. Angalia limau kwanza, maana kwenye vipimo ulivyoandika katika swali lako sikuliona. Tini hazina uchachu wa kutosha, na bila huo jamu haishiki, wala haikai salama chupani. Kwa kilo 1 ya tini mimi hutia vijiko vikubwa 4 vya maji ya limau.

Tia limau, kisha irudishe jamu motoni kwenye sufuria pana, bila mfuniko, ukikoroga hadi chini. Tini huungua upesi. Mapovu yakiwa mazito na kupasuka polepole, dondosha kidogo kwenye kisahani kilichotoka friza. Isukume kwa kidole: uso ukikunjamana, ipua. Kipimajoto kitasoma nyuzi 104 au 105, ila mimi nakiamini kisahani zaidi.