Mafuta yakipanda, anayeumia ni mwenye siku chache

Mhariri,

Swali lenu la wiki lina sehemu mbili: je, kupanda kwa bei ya mafuta kumebadilisha safari zetu za gari na za kupiga kambi, na je, tungebadilisha gari kwa sababu hiyo? Nianze na ya kwanza, ndiyo yenye nyama.

Kumebadilisha, ndiyo. Lakini si kwa namna ambayo watu huapa wakiwa wamesimama mbele ya pampu wakitazama namba zikikimbia, kwamba sasa basi, safari zimekwisha. Mimi bado nabeba hema. Kilichokufa kwangu ni safari ya aina moja: ile ya kuondoka Ijumaa jioni, kukimbiza mamia ya kilomita, kulala siku mbili, kisha kurudi mbio Jumapili ili Jumatatu uwe kazini na macho mekundu. Safari hiyo ilikuwa ghali tangu zamani. Bei ya sasa imetufumbua macho tu.

Tuiweke pesa kando kwanza, tuhesabu lita. Gari la kawaida lenye watu wanne na mizigo yao linaweza kunywa lita 10 kwa kila kilomita 100. Mkienda kambi iliyo umbali wa kilomita 600, kwenda na kurudi ni lita 120. Mkilala siku 3, kila mtu kwa kila usiku amechoma lita 10. Mkilala siku 6 palepale, ni lita 5. Mkichagua kambi ya kilomita 200 na kukaa siku hizo hizo 6, hamfikii hata lita 2. Maana yake bei ikipanda maradufu, nanyi mkakaa maradufu, gharama ya mafuta kwa kila usiku inabaki ile ile ya zamani. Ada ya kambi itaongezeka, sibishi, ila chakula mngekula hata nyumbani, na hewa ya kambini haina mita.

Ndiyo maana nasema dawa ya bei ya mafuta ni siku. Na siku si kila mtu anazo. Mstaafu anaweza kwenda mbali, akakaa mwezi mzima, na lita zake zikagawanyika mpaka zisionekane. Mwalimu anasubiri shule zifungwe. Lakini anayefanya kazi hadi Jumamosi mchana, ambaye likizo yake hukatwa vipande vipande kwa idhini ya bosi, huyo analipa lita 10 za kila usiku hata kama mshahara wake unalingana na wa jirani mwenye likizo ndefu. Mjadala wa mafuta huendeshwa kana kwamba wanaoumia ni maskini peke yao, na kweli ndio wanaoumia kwanza. Katika safari za kambi, hata hivyo, mwenye uhaba wa muda yuko kwenye foleni ile ile, nyuma yao kidogo tu.

Kuna uhaba wa muda wa pili, ule wa barabarani. Ukinzani wa hewa haukui sambamba na mwendo. Hukua kwa kipeo cha pili. Ukitoka kilomita 90 kwa saa ukaenda 120, mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu iliyozidi ya awali kwa karibu asilimia 78. Matumizi yote ya mafuta hayapandi kiasi hicho, kwa kuwa msuguano wa matairi na barabara haukui kwa namna hiyo, lakini yanapanda vya kutosha kuonekana kwenye geji. Na unapata nini? Katika kilomita 600, ukiweza kushika mwendo huo bila kusimama, unaokoa saa 1 na dakika 40. Kwa kambi ya siku moja, muda huo ni mwingi. Kwa kambi ya juma zima, ni muda wa kupanga mawe ya jiko na kubishana mlango wa hema uelekee wapi. Methali ya haraka na baraka kila mtu anaijua, siirudii.

Serikali nazo zimewahi kulifikia jambo hili, kwa shingo upande. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipoyazuia yasiende Marekani na kwa baadhi ya marafiki zake, pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa 1974. Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilipiga marufuku magari binafsi barabarani katika baadhi ya Jumapili. Nchini Marekani, Januari 1974, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89. Madereva wengi hawakuipenda, wengine hawakuitii kabisa, na mwaka 1995 ikafutwa. Nami nisingependa kuamriwa. Lakini kujipangia mwenyewe kilomita 90, huku familia inaona nchi badala ya kuona ukingo wa barabara ukipita kama utepe, ni jambo jingine.

Sasa mizigo, maana hapa ndipo wapiga kambi tunapojiharibia wenyewe. Tunafunga kila kitu juu ya keria: viti, meza, magodoro, dumu la maji, halafu turubai juu linalopiga upepo safari nzima. Wizara ya Nishati ya Marekani inatoa makadirio ambayo ningependa yabandikwe kwenye kila keria inayouzwa: sanduku kubwa la juu ya gari linaweza kupunguza umbali unaopata kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 25 katika mwendo wa kilomita kama 105 hadi 120 kwa saa. Mzigo uo huo ukifungwa nyuma ya gari, hasara kwenye barabara kuu ni asilimia 1 hadi 5. Uzito wenyewe si adui mkubwa hivyo. Kilo 45 za ziada hula kama asilimia 1. Kwa hiyo sufuria nzito ndani ya buti ni nafuu kuliko godoro jepesi juu ya paa. Wengi tunafanya kinyume: tunapunguza vyombo vya kupikia, kisha tunapandisha godoro juu. Tena keria ikiwa tupu bado inakinza hewa, na ziko gari ambazo hubeba keria mwaka mzima kwa ajili ya safari moja.

Trela na magari yenye vitanda na jiko ndani ni somo la peke yake, nitapita haraka. Ni ukuta unaosukumwa mbele ya upepo. Yanafaa kwa anayekaa muda mrefu na kuhama mara chache. Anayehama kila siku kwa gari la aina hiyo wakati bei iko juu, basi amechagua hoteli ya bei mbaya yenye foleni ya choo.

Kambini kwenyewe mafuta huvuja bila mtu kuona. Gari likiachwa linaunguruma bila kwenda popote, linaweza kuchoma lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea injini na kama kiyoyozi kimewashwa. Jioni ya saa tatu ya kuchaji simu na kusikiliza muziki kwa mtindo huo ni safari ya kilomita 30 hadi 60 iliyoteketea mkiwa mmekaa palepale. Paneli ndogo ya sola inayokunjwa inamaliza shida ya simu na taa. Friji ni kazi ngumu zaidi, na hapo sina jawabu rahisi zaidi ya barafu na sanduku lenye kuta nene.

Nimesikia pia mbinu mbili ambazo nisingemshauri mtu. Moja ni kuzunguka kutafuta kituo chenye bei nafuu. Mkijaza lita 50 kwa bei iliyopungua asilimia 2, mmeokoa thamani ya lita 1. Mkizunguka kilomita 10 kukifuata kituo hicho na kurudi njiani, lita hiyo mmeshaichoma. Ya pili ni kuweka akiba ya petroli kwenye madumu kabla bei mpya haijatangazwa, kisha kusafiri nayo ndani ya gari pamoja na watoto. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kusubiri cheche. Hakuna punguzo la bei linalofaa kulipwa kwa namna hiyo.

Jambo ambalo limetusaidia zaidi kuliko yote ni dogo na la aibu kidogo: kwenda familia mbili kwa gari moja kubwa badala ya magari mawili. Lita zinapungua karibu nusu. Tatizo ni uchangiaji. Kuna rafiki ambaye wakati wa kwenda huchanga kwa moyo mweupe, wakati wa kurudi analala kiti cha nyuma mpaka mlangoni kwake. Tulichokubaliana ni hiki: tangi hujazwa kabla ya kuondoka, kwa pesa ya mwenye gari. Safarini kila risiti ya mafuta huwekwa kwenye bahasha moja. Mkirudi, kabla mtu yeyote hajashushwa, tangi hujazwa tena, na jumla ya risiti zilizomo pamoja na hiyo ya mwisho hugawanywa kwa vichwa vya watu wazima. Mwenye gari hulipa fungu dogo, kwa kuwa matairi na oili ni vyake. Tangu hapo hakuna aliyelala usingizi wa hila.

Ningependa wenye kambi nao wasome jibu hili. Wengi wao, gharama zao zikipanda, hupandisha ada ya kila usiku, jambo ambalo naelewa; gari la kuwaletea maji na kuni nalo linatumia mafuta. Lakini mgeni aliyechoma lita 120 kufika kwao ameshalipa sehemu kubwa ya safari kabla ya kushuka. Wakimpa usiku wa nne na wa tano kwa bei ya chini, atabaki. Wakimtoza sawa kila usiku, ataondoka siku ya tatu na mwakani atatafuta kambi ya karibu na kwake. Walioko mwisho wa barabara ndefu ndio walio hatarini kuliko wote, na uzuri wa mandhari peke yake hautawaokoa.

Msomaji mwingine atasema tusubiri bei ishuke. Inaweza kushuka. Julai 2008 pipa lilipita dola 147. Tarehe 20 Aprili 2020, bei ya mkataba wa kununua mafuta ghafi ya Marekani ilimaliza siku ikiwa chini ya sifuri, dola 37.63 hasi kwa pipa, yaani muuzaji alikuwa akimlipa mnunuzi ayachukue. Na siku hiyo mafuta yalipokuwa rahisi kuliko wakati wowote tunaoukumbuka, karibu dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani kwa sababu ya ugonjwa. Zaidi ya hayo, bei ya pipa si bei ya pampu. Kati yake kuna kusafisha, kusafirisha, kodi, faida ya muuzaji na thamani ya sarafu ya nchi mbele ya dola. Sarafu ikishuka, pipa linaweza kuwa rahisi sokoni huku tangi lako likijazwa kwa pesa zaidi. Na kila dereva anajua kwamba bei ya pampu hupanda kwa lifti na hushuka kwa ngazi. Kupanga likizo kwa kusubiri soko la pipa ni kujinyima bure.

Sehemu ya pili ya swali: gari. Hapa watu hudanganywa na namna ya kuhesabu. Tunasema gari langu linakwenda kilomita kadhaa kwa lita, na tofauti kati ya 15 na 20 inaonekana kubwa kuliko kati ya 5 na 6. Pima kwa kilomita 100 uone. Kutoka 5 hadi 6 unaokoa zaidi ya lita 3. Kutoka 15 hadi 20 hufikishi hata 2. Kwa hiyo mwenye gari kubwa linalokunywa sana akihamia jingine lililo bora kidogo tu anafaidika kuliko mwenye gari dogo anayekimbilia dogo zaidi. Ya umeme sijaizungumzia kwa sababu kwa kambi za mbali jibu linategemea kituo cha kuchaji kiko wapi, na hilo kila mtu anajua la kwake.

Mimi sibadilishi. Gari langu liko katikati ya hesabu hizo, halina deni, na kilomita ninazoendesha kwa mwaka zimeshapungua kwa sababu nilizozieleza. Pesa ya kuongeza ili kupata linalokunywa kidogo zaidi ingenunua mafuta ya miaka kadhaa ya safari zetu. Nilichobadilisha ni ombi la likizo: badala ya kuichukua vipande vinne, mwaka huu nimeiomba vipande viwili, na bosi bado hajajibu.

Msomaji wenu